UZI: Bunduki za Marekani na risiti ambayo hakuna anayetaka kuisoma

1. Kila jimbo la Marekani likipitisha sheria mpya ya bunduki, mjadala hutufikia hapa Kenya ukiwa umeshachemka. Mmoja anasema hawa watu wanapenda bunduki kuliko watoto wao. Mwingine anajibu kwamba serikali inatafuta njia ya kuwapokonya raia silaha. Wote wawili wanaruka kitu cha kawaida kabisa: risiti. Nani analipa, analipia nini, na mtindo huu wa kulipisha ulianza lini? Ndio uzi wa leo. Ni mrefu, vuta kiti.

2. Nianze kwa kukiri. Nilikuwa nikiwacheka wanaolalamikia ada hizi. Kwani mtu ananunua bastola ya mamia ya dola halafu analia kwa sababu ya dola 50 za leseni? Kisha nikaanza kusoma zilikotoka, na kicheko kikaisha. Sijahamia upande wa pili, bado naamini leseni ina maana. Lakini swali ni gumu kuliko nilivyodhani. Na kama kawaida ya ukurasa huu, hapa hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

3. Kwanza tuelewane jambo moja. Kwetu Kenya kumiliki bunduki si haki ya kikatiba. Unaomba, unaeleza sababu, unakubaliwa ama unakataliwa. Kwao kuna Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama yao ya Juu ilisema hiyo ni haki ya mtu binafsi, kuweka silaha nyumbani kwake ajilinde. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba haki hiyo inatoka nje ya mlango wa nyumba pia. Kwa hivyo kwao ada ya leseni inasomwa kama malipo ya kuingia kwenye haki. Ukikosa kuliona hilo, hutaelewa makelele yao.

4. Tuchukue jimbo ambalo wengi wenu mna ndugu huko: Maryland. Sheria iliyoanza Oktoba 2013 inasema ukitaka kununua bastola lazima kwanza uwe na leseni ya kukustahilisha. Ada yake ni dola 50. Unapigwa alama za vidole, unafanya kozi ya saa 4 ambayo ndani yake unafyatua angalau risasi moja. Hiyo ni ya kununua tu. Ukitaka kuibeba nje, kuna kibali kingine: ada ya dola 125, ambayo kabla ya sheria ya 2023 ilikuwa dola 75, pamoja na mafunzo ya saa 16.

5. Piga hesabu. Serikali peke yake imechukua dola 175. Kwa kima cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni karibu Sh23,000. Mwalimu wa kozi unamlipa kando, alama za vidole unalipia kando, risasi za mazoezi unanunua. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye risiti yoyote: saa 16 ni siku mbili nzima za kazi. Mwenye mshahara wa mwezi anaomba ruhusa. Anayelipwa kwa saa, yule wa kubeba mizigo kwenye ghala ama kulea wazee usiku, anapoteza siku mbili za pesa.

6. Si wanunuzi peke yao. Illinois ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuwataka wauza bunduki wawe na cheti cha jimbo, juu ya leseni ya serikali ya kitaifa waliyokuwa nayo. Mwenye duka anaweza kutozwa hadi dola 1,500 kwa cheti cha miaka mitatu, na lazima aweke kamera za ulinzi dukani. Duka kubwa linaimeza gharama hiyo. Fundi wa bunduki wa mji mdogo, anayeuza chache kwa mwaka, anakaa chini na kujiuliza kama inafaa kuendelea.

7. Sasa turudi nyuma. Novemba 1865, miezi michache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utumwa umeisha. Jimbo la Mississippi linapitisha sheria: mtu mweusi aliyeachwa huru, asiye kwenye jeshi la Marekani, haruhusiwi kuweka wala kubeba bunduki au risasi bila leseni ya bodi ya kaunti yake. Hebu soma tena. Haikusema "hapana." Ilisema "uwe na leseni." Na waliokaa kwenye bodi hiyo ni watu wale wale waliokuwa wakimmiliki jana.

8. Sheria za namna hiyo, zenye rangi ya mtu ndani yake, zilipigwa marufuku baada ya Marekebisho ya 14 ya Katiba mwaka 1868: sheria iwe moja kwa wote. Basi werevu wakabadilisha lugha. Mwaka 1879 Tennessee ilipiga marufuku uuzaji wa bastola isipokuwa zile za aina ya jeshi na wanamaji. Hakuna rangi ya mtu iliyotajwa. Lakini bastola hizo zilikuwa ndizo kubwa na ghali, na wengi waliopigania upande wa Kusini walikuwa nazo tayari nyumbani. Ya bei rahisi, ambayo kibarua angeimudu, ndiyo iliyoondolewa sokoni.

9. Florida ilienda hatua moja mbele. Mwaka 1893 ilisema ukitaka kuwa na bunduki ya Winchester au nyingine ya kufyatua mfululizo, pata leseni ya makamishna wa kaunti na uweke dhamana ya dola 100. Dola 100 za wakati huo! Kibarua wa kambi za mbao angefanya kazi miezi mingapi kuzipata? Mwaka 1901 bastola nazo zikaingizwa kwenye sheria hiyo.

10. Tungeweza kubishana kuhusu nia ya waliotunga, lakini jaji mmoja alitumalizia ubishi. Mwaka 1941, kwenye kesi ya Watson dhidi ya Stone, jaji wa Mahakama ya Juu ya Florida aliandika waziwazi kwamba sheria hiyo ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi waliomiminika kwenye kambi za mbao na za kugema utomvu wa misonobari. Akaongeza kwamba haikukusudiwa kamwe kwa wazungu, wala haikuwahi kutumika kwao. Karibu miaka 50 sheria ikisomeka kama ya wote, huku kila afisa akijua ni ya nani.

11. Na hata pale ambapo pesa haikuwa kizuizi, kulikuwa na meza ya afisa. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kule Montgomery, Alabama, kulipuliwa kwa bomu, Martin Luther King Jr. aliomba kibali cha kubeba bastola. Kasisi, msomi, mtu ambaye kila mtu mjini alijua anatafutwa auawe. Alinyimwa. Nawakumbusha hili kwa sababu watu hupenda kusema "mwenye sababu nzuri atapewa tu." Atapewa na nani?

12. Hapo ndipo kicheko changu kilipoishia. Mtu mweusi wa Georgia akikwambia leo kwamba akisikia "leseni, ada, dhamana" anakumbuka hadithi za babu yake, usimwambie anatetea kampuni za bunduki. Anaweza kuwa anatetea kumbukumbu.

13. Lakini ngoja, historia haijaisha, na si yote iliyoandikwa na wabaguzi. Mwaka 1934, baada ya miaka ya magenge kumwagiana risasi barabarani, serikali ya kitaifa ilitunga sheria ya kutoza kodi ya dola 200 kwa kila uhamisho wa bunduki za rashasha, zilizokatwa mtutu, na vizuia mlio. Rashasha mashuhuri ya wakati huo, Thompson, yenyewe iliuzwa kama dola 200. Kwa maneno mengine, kodi ililingana na bei ya kitu chenyewe.

14. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1937. Hoja ilikuwa: hii si kodi, ni marufuku iliyovaa koti la kodi. Mahakama ikasema kodi ikikusanya mapato, majaji hawataanza kupekua nia zilizofichwa za wabunge. Kodi ikabaki. Cha kushangaza, kiwango hakikuguswa kwa miaka 90. Dola 200 za 1934 zina thamani ya zaidi ya dola 4,000 za leo, kwa hivyo mfumuko wa bei uliila polepole. Ukuta wa tajiri na maskini ukageuka kuwa kijiuzio. Kisha sheria ya Julai 2025 ikaishusha hadi sufuri kwa vizuia mlio na bunduki za mtutu mfupi, kuanzia Januari 1, 2026. Rashasha zimebaki na dola 200 zao.

15. Sasa tuupe upande wa pili nafasi yake, kwa haki. Kuchunguza mwombaji ni kazi, na kazi inalipwa. Jiji la New York linatoza dola 340 kwa leseni ya bastola ya miaka mitatu, karibu Sh44,000. Wakaazi walishtaki: ni nyingi mno. Jiji likaleta vitabu vyake mahakamani, na hesabu ya mwaka wa fedha wa 2010 ikaonyesha kwamba kushughulikia ombi moja jipya kuligharimu karibu dola 977. Yaani mwombaji alikuwa akilipa kama thuluthi moja, na zilizobaki zinatoka kwa mlipa ushuru, hata yule asiyetaka kuiona bunduki. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikasema ada hiyo ni halali.

16. Na kuna gharama nyingine ambayo haina kaunta ya kulipia. Mwaka 2022 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, zaidi ya nusu wakiwa wamejiua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza Connecticut, iliyoanza kudai leseni ya kununua bastola mwaka 1995, na Missouri, iliyoifuta ya kwake mwaka 2007. Walihusisha leseni na kupungua kwa mauaji ya bunduki Connecticut, na kufutwa kwake na kuongezeka kwa mauaji Missouri. Wapo wanaobishana na ukubwa wa takwimu hizo. Lakini anayesema leseni ni makaratasi matupu ana kazi ya kuzijibu.

17. Mahakama zilipambana vipi na ada juu ya haki? Kuna kesi mbili za zamani, wala hazihusu bunduki. Mwaka 1941, New Hampshire: mji unaweza kutoza ada ya maandamano ikiwa inagharamia usimamizi na usalama. Mwaka 1943, Pennsylvania: mji ulitoza wahubiri wa Mashahidi wa Yehova dola 1.50 kwa siku ili wagawe vitabu vyao mlango kwa mlango. Mahakama ikakataa: serikali haiwezi kuuza haki ambayo Katiba imeshampa mtu. Ukiziweka pamoja unapata kanuni: lipisha gharama ya kazi, usilipishe haki yenyewe.

18. Mwaka 1966 kiasi kile kile, dola 1.50, kilirudi. Safari hii ilikuwa kodi ya kura ya Virginia. Kwa wengi ni pesa ya chakula cha mchana. Kwa familia maskini ya Kusini, ikidaiwa kila mwaka, ilitosha kuwaweka nje ya kituo cha kupigia kura. Mahakama ya Juu ikaitupa: uwezo wa kulipa hauna uhusiano na uraia. Ndiyo maana wapinzani wa ada za bunduki hupenda kuziita "kodi ya kura" ya silaha.

19. Uamuzi wa 2022 uliopanua haki ya kubeba silaha uliacha mlango mdogo, ndani ya tanbihi. Majimbo yanaweza kudai leseni, mafunzo na uchunguzi, lakini ada zilizopita kiasi au kusubirishwa mno kunaweza kupingwa ikiwa kunamnyima raia wa kawaida haki yake. Kupita kiasi ni kiasi gani? Haikusema. Ile leseni ya Maryland ya dola 50 iliangushwa na majaji watatu Novemba 2023, kisha Agosti 2024 jopo kamili la mahakama ile ile likairudisha.

20. Wakati huo huo majimbo yamepata njia mpya: badala ya ada ya leseni, ushuru wa bidhaa. California inatoza asilimia 11 kwa bunduki na risasi tangu Julai 1, 2024, pesa ziende kwa miradi ya kuzuia vurugu na usalama wa shule. Wapiga kura wa Colorado waliidhinisha asilimia 6.5 Novemba 2024, fungu kubwa likienda kwa huduma za waathiriwa wa uhalifu. Wanaopinga wanalia. Lakini tangu 1937 kuna ushuru wa kitaifa wa asilimia 10 hadi 11 kwa silaha hizo hizo, unaotunza wanyamapori, na wawindaji wengi wanajivunia kuulipa. Tofauti ni kwamba huu wa zamani wanaona matunda yake msituni. Wa sasa wanahisi ni adhabu.

21. Hapa sasa nitawaudhi wote. Sikilizeni wanavyojadili kitambulisho cha kupigia kura. Wengi wanaosema dola 50 za leseni ya bunduki ni dhuluma kwa maskini, kwenye kura husema "kwani kupata kitambulisho ni shida gani?" Na wengi wanaosema gharama ya cheti cha kuzaliwa na nauli ya kufika ofisini ni kizuizi cha kura, kwenye bunduki husema "kama hawezi kulipa, asinunue." Hoja ni zile zile, wamebadilishana viti tu. Ukitaka kujua kama mtu anaamini anachosema kuhusu ada, mwekee ada ile ile kwenye haki asiyoipenda.

22. Na wanaoumia na swali hili si wale wanaopiga kelele. Fikiria mtaa maskini wa Baltimore. Kuna mama anayetoka kazini saa nane usiku, polisi wanachelewa, na Sh23,000 pamoja na siku mbili za kazi ni kodi ya nyumba iliyokosekana. Nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mama aliyezika mwanawe wa miaka 17. Wa kwanza anasema ada inamfungia nje. Wa pili anasema ingekuwa vigumu zaidi kupata bunduki, mwanawe angekuwa hai. Wote wanasema kweli, na wanaishi barabara moja. Mwenye jumba la kifahari nje ya mji hulipa ada yoyote asubuhi na kusahau jioni. Kwake sheria haijabadilisha chochote.

23. Kwa hivyo mimi nimefika wapi? Sheria ikija na ada, nauliza mambo matatu. Moja: ada inalipia kazi gani, na hesabu iko wapi? New York walileta vitabu. Florida ya 1893 haikuwa na kitabu cha kuleta. Mbili: asiyeweza kulipa ana njia gani? Kama usalama ndio lengo, basi mafunzo ya bure kwa wenye kipato kidogo yanauongeza usalama huo, hayaupunguzi. Tatu: afisa akikataa, ni lazima atoe sababu iliyoandikwa, na unaweza kukata rufaa? Sheria ikijibu yote matatu, naiunga mkono bila aibu. Ikishindwa, basi imechagua nani ajilinde kwa kuangalia mfuko wake.

24. Na msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Novemba 2023 hapa kwetu ilitangazwa kwamba kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa bure, kingekuwa Sh1,000, na kubadilisha kilichopotea kipande kutoka Sh100 hadi Sh2,000. Watu walienda kortini, na mwaka 2024 viwango vikashushwa. Kitambulisho si bunduki, najua. Lakini bila hicho hupigi kura, husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki. Wengi waliokasirika siku hiyo walikuwa wakiuliza, bila kujua, swali lile lile la dola 1.50 za Virginia.

25. Serikali inayokataza kitu waziwazi unaweza kuipinga waziwazi. Inayosema "unaruhusiwa, lipa kwanza" ni ngumu kuishika, kwa sababu wakati mwingine ina haki kabisa na wakati mwingine inakudanganya, na karatasi ni ile ile. Kwa hivyo safari ijayo ukiona mjadala wa bunduki za Marekani umewaka, kabla hujachagua timu, omba risiti. Ukiwa na ndugu Maryland ama Illinois aliyepitia foleni hiyo, muulize alilipa nini na alipoteza siku ngapi, kisha utuandikie hapa chini. Tusome pamoja.